Daijobu ya Kanae

Asubuhi ile Sapporo nzima ilikuwa imehamia chini ya ardhi. Huko juu dhoruba ya theluji ilikuwa ikipiga tangu jana yake. Uwanja wa ndege umefungwa, treni zimelala, na wageni waliokuja kutazama sanamu za theluji walijazana kwenye ile njia ndefu ya chini inayotoka stesheni hadi bustani ya Odori. Walikwenda wakirudi, walikwenda wakirudi, maana hapakuwa na pengine pa kwenda. Wazee walikalia masanduku yao, watoto walilia kwa uchovu, na hewa ilinuka makoti yaliyoloa na supu ya mahindi.

Kanae Tsukuda alikuwa kwenye foleni ya matonge ya wali pamoja na mashoga zake wawili, Mizuho na Tamaki. Alivaa koti la rangi ya haradali aliloazimwa na Mizuho, limemzidi mabega. Skafu nyeupe imemfika kidevuni. Na buti za mpira za kwao Tatsuno, mji ambao theluji ikidondoka asubuhi moja watu huisimulia wiki nzima. Mkononi alishika kopo la supu ya moto. Nyuma mtu akasukuma, aliyesukumwa naye akasukuma, na supu yote ikaishia mgongoni mwa mwanamume aliyekuwa mbele yake.

"Uwii! Samahani, kaka, samahani sana! Umeungua?"

"Wala! Koti la kazi hili, halisikii kitu," mwanamume alisema huku akicheka, akageuka.

Kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa na nyusi nene, taulo shingoni, na ovaroli ya bluu iliyopauka magotini. Kanae alitamani ardhi ipasuke immeze, akakumbuka kwamba tayari yuko chini yake.

"Kanae," mwanamume alisema.

"Ryohei."

"Ngoja kwanza," Tamaki alidakia. Tamaki alikuwa muuzaji katika duka la dawa na mdomo wake haukuwa na kifuniko. "Huyu ndiye yule wa kiazi?"

"Nyamaza, wewe!" Mizuho alimfinya.

Tuwaache hapo wakitazamana, turudi nyuma mwaka mmoja, kwenye kiazi.

Februari iliyopita hawa hawa mashoga watatu walikuja kwenye tamasha hili hili, na siku ya kwanza tu Kanae alikanyaga barafu, akateleza pale Odori kama sinia juu ya meza, akakomea miguuni mwa Ryohei Onodera. Ryohei ni fundi wa hita. Yeye na wenzake wa kazini walikuwa wamepewa mchemraba wao wa theluji wachonge, kama zilivyopewa timu nyingine za raia. Kanae alikuwa ameketi chini, mbele za watu, koti limempanda hadi kiunoni. Ili kuficha aibu akatazama juu akasema, "Kiazi chenu kizuri."

"Ni dubu amelala."

"Basi dubu wenu anafaa kukaangwa."

Ryohei akamnyooshea mkono akamwinua, kisha akamkabidhi ndoo. Ndani yake mlikuwa na theluji safi iliyokorogwa na maji, ile ambayo wachongaji huipaka mwishoni kama plasta ili sanamu ing'ae. Wenyewe huiita vipodozi. "Aliyemtukana dubu ndiye atakayempamba," akamwambia. Wakapaka bega kwa bega, vidole vikafa ganzi, na pua ya dubu ilipoanza kuonekana Kanae alikuwa amekwisha. Alikuwa amempenda, tena vibaya.

Mapenzi yao yakahamia kwenye simu. Kila saa ya chakula Kanae alijificha nyuma ya mapipa ya sosi ya soya, kwenye ghala la kwao.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula mkate juu ya paa la watu. Mama mwenye nyumba ananiuliza naongea na nani, nimemwambia naongea na bomba la moshi."

"Kwa hiyo mimi ni bomba la moshi?"

"Bomba zuri. Linanipasha joto."

Mara mbili Ryohei alipanda ndege hadi Kobe, karibu na kwao Kanae, wakatembea ufukweni mikono yao miwili ikiwa ndani ya mfuko mmoja wa koti. Nyumbani kwa kina Kanae hakuna aliyejua.

Na hapo ndipo palipokuwa na kitanzi. Ukoo wa Tsukuda ulitengeneza sosi ya soya vizazi na vizazi, na Kanae alikuwa mtoto pekee. Binti wa nyumba ya namna hiyo haolewi akaondoka. Huletewa bwana harusi, naye bwana harusi huvua jina lake mlangoni pamoja na viatu, akaingia na kuitwa Tsukuda mpaka kaburini. Ndivyo alivyoingia baba yake Kanae. Mama yake Kanae alikwisha kufa, lakini baba alibaki, katika nyumba ya mama mkwe, akila wa mwisho, akioga wa mwisho, akiomba ruhusa ya kufungua dirisha. Mwenye sauti alikuwa mama mkwe huyo, Bibi Kiyo.

Msimu wa majani kupukutika Kanae alijikaza akamweleza Ryohei habari ya jina. "Nipe siku chache nifikirie," Ryohei akasema. Siku chache zikapita, ujumbe ukaingia: *Nije Jumapili nionane na baba yako na bibi yako?* Kanae aliusoma ghalani, moyo ukimdunda kwa furaha, huku akisikia kandambili za Bibi zikikaribia nyuma ya mapipa. Aliandika neno moja, akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa aproni.

Neno lenyewe lilikuwa *daijobu*.

Usiku jibu lilikuja: *Nimeelewa.*

Basi Jumapili ile Kanae aliosha ngazi za mbele. Alimtazama Bibi usoni akamwambia kuna mtu anakuja, jambo lililomgharimu usingizi. Wali wa maharage mekundu, ule wa siku za sherehe, ukapikwa. Akavaa kimono ya zambarau hafifu iliyokuwa ya mama yake, akakaa. Chai ikapoa, ikamwagwa, ikatengenezwa nyingine. Jioni ikaingia na mlango haujagongwa. Bibi Kiyo akafunika wali kwa kitambaa, akasema, "Ameogopa jina," akaenda zake kulala.

Utauliza kwa nini hakumpigia. Ampigie amwambie nini? Mbona hutaki kuwa Tsukuda? Jibu si alikuwa amekwisha kulipata kwa macho yake? Kanae alikuwa na kiburi cha watu wapole, kile kibaya kuliko vyote, kisichopiga kelele. Na Ryohei naye hakupiga. Kabla ya mwaka kuisha Bibi akawa amempata Shigeto, mtoto wa pili wa mtu anayewaletea soya, kijana mwenye adabu aliyelikubali jina kama mtu anavyokubali kiti kwenye basi. Mahari yangeletwa mwezi Machi. Mizuho na Tamaki walipoona shoga yao anakonda, wakakata tiketi za watu watatu bila kumuuliza.

Turudi kwenye foleni.

"Umekuja kwenye tamasha," Ryohei alisema.

"Nimeletwa. Sasa nimekwama."

"Sapporo nzima imekwama."

"Wewe umekwama mjini kwako. Si sawa."

Ryohei akashika taulo lake kama mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi. "Upepo umepungua kidogo. Wanaturuhusu wachongaji tupande tukafukue sanamu zetu. Mimi naenda."

"Wapi wenzako?" Mizuho aliuliza upesi.

"Treni hazitembei. Niko peke yangu."

"Maskini! Tutakusaidia. Mikono sita hii hapa."

"Mizuho!" Kanae alimkanyaga.

"Unanikanyaga nini? Umelalamika tangu jana kwamba chumba cha hoteli dirisha halifunguki. Twende tukapunge hewa."

Walipanda ngazi, mlango wa kioo ukafunguka, baridi ikawapiga usoni. Odori haikuwepo. Palikuwa na vilima vyeupe tu, kila kilima na sanamu yake iliyofukiwa, na hapa na pale mtu mmoja mmoja akifagia kwa brashi laini. Walitembea katika kijia kilichochimbwa, kuta za theluji zikiwafika mabegani, kinatosha mtu mmoja. Kanae alikuwa katikati: mbele mgongo wa Ryohei, nyuma Tamaki. Hapakuwa na mahali pa kugeukia.

"Mwaka huu mmechonga nini?" Tamaki aliuliza kwa sauti.

"Dubu. Ameamka."

"Au ni kiazi kimeota miguu?"

Ryohei akacheka, na Kanae aliposikia kicheko kile akaumia hasa. Alichukua brashi akaenda upande wa pili wa sanamu ili asimwone. Akawa anapangusa. Sikio likatokea, kisha shavu. Kwa kuwa dubu hakuwa mkubwa, walipofika kwenye pua wakajikuta wanatazamana tena.

"Mwenzako ameninong'oneza sasa hivi kwamba Machi unaletewa mahari," Ryohei alisema.

"Tamaki ana mdomo."

"Ni mtu mzuri?"

"Ana adabu."

"Hujajibu nilichouliza."

"Na wewe una haki gani ya kuniuliza?" Sauti ya Kanae ilipanda, mvuke ukamtoka mdomoni. "Mtu aliyenikalisha siku nzima na kimono ya marehemu mama yangu! Nimemwambia Bibi unakuja. Bibi, Ryohei! Unajua kilichonigharimu kumwambia yule mwanamke kitu? Wali ulipikwa. Chai nilimwaga mara ngapi. Kama hukulitaka jina letu ungesema hulitaki, ningelia nikamaliza!"

"Mimi nilikukalisha?" Ryohei alishusha brashi. "Mimi?"

"Ulisema utakuja!"

"Niliuliza kama nije. Ukanikatalia."

"Nani alikukatalia?"

"Wewe! Ulinijibu kwa neno moja, hata nukta hukuweka. Niliusoma ujumbe ule hadi simu ikaisha chaji. Nikasema, ameona haya kunileta fundi wa hita mbele ya bibi yake."

"Nilikujibu daijobu!"

"Ndiyo hiyo. Daijobu."

Theluji ilikuwa inawaangukia tena, nyepesi.

"Daijobu," Kanae alisema polepole. "Haina shida. Njoo."

"Daijobu," Ryohei alisema. "Haina haja. Usisumbuke."

"Jamani!" Tamaki aliyekuwa anasikiliza nyuma ya mgongo wa dubu akajitokeza. "Mtu dukani namuuliza nimpe mfuko, ananiambia daijobu. Je, nampa? Simpi! Ni hapana. Kanae, wewe uliandika hapana."

"Kwetu ghalani Bibi akiniuliza mapipa yakoje, nikijibu daijobu maana yake yako salama! Ni ndiyo!"

"Sasa Ryohei ni pipa?" Mizuho aliuliza.

Kanae alitaka kucheka na badala yake machozi yakamtoka, yakaanza kuganda kwenye kope. Miezi mitatu amelala akitazama dari, amekubali mtu asiyempenda, kwa sababu ya kandambili za Bibi nyuma ya mapipa. Aliona hasira, aliona aibu, na chini ya vyote hivyo aliona furaha iliyomtisha. Ryohei akavua taulo lake lenye harufu ya mafuta ya taa akamfuta uso, taratibu, kama alivyompangusa dubu.

"Nilikuwa nakuja kusema ndiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Nilishamwambia mama yangu. Alilia kidogo, halafu akasema Tsukuda Ryohei linatamkika vizuri. Hata leo niko tayari. Nitaingia kwenu, kipenzi. Nitachukua jina."

Mizuho akamvuta Tamaki kwa ukosi wakaenda kutazama sanamu ya jirani.

Hilo ndilo neno ambalo Kanae alilingoja mwaka mzima. Lilipofika halikumtuliza. Alimwona Ryohei, huyu mcheshi, huyu anayeongea na mabomba ya moshi, ameketi kwenye mto wa kukalia ulio karibu na mlango, ule wa baba yake Kanae. Anakula wa mwisho. Anauliza kama anaweza kufungua dirisha. Miaka inapita, naye anajifunza kutembea bila kandambili zake kusikika. Kumbe mlango ule ule uliomfungia yeye ndio aliokuwa anataka kumfungia mtu anayempenda.

"Nisubiri," alisema. "Usiende popote."

"Niende wapi? Barabara zimefungwa."

Palikuwa na kibanda cha wachongaji, hita ikinguruma, glavu zimeanikwa juu yake. Hapakuwa na mtu. Kanae akapiga simu nyumbani.

"Tsukuda hapa." Alikuwa Bibi, maana simu ya nyumba ile haikupokewa na mwingine. "Bado mmekwama? Shigeto amekuja kukuulizia. Nimemwambia ukirudi hutasafiri tena."

"Bibi, naomba Baba."

"Baba yako yuko kwenye mapipa. Niambie mimi, nitamfikishia."

Hivyo ndivyo maneno yote yalivyomfikia baba yake: yakiwa yamepita kwanza kwa Bibi, yamechujwa.

"Nitangoja."

"Simu ya mbali hii, mtoto."

"Nitangoja, Bibi."

Alingoja. Alisikia mlango wa ghala ukisukumwa, alisikia Bibi akinung'unika, kisha pumzi ya mtu aliyetembea haraka.

"Kanae? Una nini, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi, Baba. Yule mtu wa Jumapili ile hakuogopa. Mimi ndiye niliyemjibu vibaya. Yuko hapa. Anasema atalichukua jina letu."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Fundi wa hita. Anacheka sana."

"Anacheka sana," baba alirudia. "Hata mimi nilikuwa mcheshi. Mama yako ndicho alichonipendea."

Kanae hakuwahi kumsikia baba yake akicheka kwa sauti. Hata siku moja.

"Baba, ulijuta kuingia kwetu?"

"Mama yako sikumjutia." Alishusha pumzi. "Juzi nilikuwa posta. Karani akaita, Hirose! Nikaitika. Nikaenda hadi dirishani, mwanangu. Kumbe anaitwa bwana mwingine, kijana tu. Nikaona haya, nikanunua stempu nisizozihitaji nikatoka."

Hirose lilikuwa jina lake la kuzaliwa. Kanae alilijua, aliwahi kuliona kwenye kadi za misiba ya upande ule, lakini hakuwahi kulisikia kinywani mwa mwenyewe. Akashika ukingo wa meza.

"Baba, sitaki aingie humo."

"Hata mimi sitaki aingie."

"Na jina la nyumba je? Na mapipa?"

"Mapipa hayasomi majina. Yanataka mtu wa kuyakoroga. Njoo uyakoroge ukiitwa unavyoitwa, hayatakufukuza."

Nyuma yake sauti ya Bibi ilipanda, kali, karibu kabisa na simu: "Anasema nini huyo? Jina gani? Hebu lete simu hapa! Shigeto yupo sebuleni anasikia!"

"Mama, subiri," baba alisema. "Naongea na mwanangu."

Huko Tatsuno pakawa kimya. Kanae aliusikiliza ukimya ule, ubavuni mwa hita inayonguruma, mkono mdomoni.

"Nenda kwa mtu wako," baba akamwambia. "Shigeto nitamwambia mimi. Na huyu hapa pia, nitamwambia mimi."

Alitoka nje na skafu imefunguka. Ryohei alikuwa pale pale alipomwacha, mabega yamefunikwa theluji, hakuthubutu hata kujipangusa.

"Vipi?"

"Lile jina lako," Kanae alisema, "unalitumia lote?"

"Onodera?"

"Nauliza kama kuna nafasi ya mtu mwingine ndani yake."

Ryohei alimtazama kwa mashaka. "Kanae, nakuomba, mimi na wewe tusizungumze tena kwa mafumbo. Sema kama unavyomwambia mtoto."

"Nioe. Sitaki uwe Tsukuda. Nataka mimi niwe Onodera. Nitakwenda kukoroga mapipa ya baba yangu nikiwa Onodera, na atakayechukia achukie. Hapo pana maana ngapi?"

"Moja," Ryohei alisema.

"Jibu."

"Ndiyo." Kisha akapaza sauti hadi wachongaji wa vilima vya jirani wakageuka na brashi zao, na Tamaki akaanza kupiga vigelegele bila kujua habari kamili. "Ndiyo! Nimesema ndiyo!"

Akamkumbatia, makoti mawili mazito yakabanana, na Kanae akasikia moyo wa mwenzake hata kupitia ovaroli. Simu ikaanza kuita mfukoni. Ilikuwa namba ya nyumbani, na kwa jinsi ilivyoita bila kukata alijua si baba.

"Iache," Ryohei alisema.

"Hapana," Kanae alisema. Akavua glavu kwa meno, akapokea.